Boti ya tanga iliyotumika: mkuku mrefu futi 32 au mkuku mfupi futi 36?

Mkazi_Nkuhungu
Wakuu, salaam kutoka Dodoma. Natafuta boti ya tanga ya faibaglasi, ya watu wawili, kwenda Komoro kisha Shelisheli. Zimebaki mbili, zote ziko Dar. Ya kwanza futi 32, ya 1976, mkuku (uti wa chini ya boti) mrefu, waya za mlingoti zina miaka 4, tangi la maji lita 150. Ya pili futi 36, ya 1994, mkuku mfupi uliofungwa kwa bolti, lita 300, waya zilezile za kiwandani. Bei zinakaribiana. Nitashuka Dar mara moja tu kwa mwezi. Nichukue ipi?

NahodhaTanga
Mkuu, hiyo mara moja kwa mwezi ndiyo inayoamua. Chukua futi 32. Pwani yetu maji ya bamvu, yale makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, hupanda na kushuka mita 3 na zaidi. Boti ya mkuku mrefu unaiingiza kwenye mchanga mgumu maji yakijaa, unaiegemeza kwenye magogo yaliyosimikwa, na maji yakitoka una saa kadhaa za kukwangua chaza na kupaka rangi ya chini. Ya mkuku mfupi hukalia kipande kidogo cha katikati. Shetri (sehemu ya nyuma) ikiinama, usukani ndio unaogonga chini. Hiyo itakudai kreni kila mara.
Ingia siku moja au mbili kabla ya kilele cha bamvu. Ukiingia siku ya kilele na kazi isiishe, maji ya kesho yatakuwa pungufu na boti haitaelea.

FundiFaiba
Naunga mkono, ila usilipe hata shilingi kabla ya kugonga sitaha. Geuza bisibisi, gonga kwa mpini wa plastiki kila sentimita 10, hasa kuzunguka mguu wa mlingoti. Mlio mkavu ni salama. Mlio mzito, kama unagonga gunia la mtama, maana yake maji yameingia kwenye mbao laini ya katikati na imeoza. Kuifungua na kuijaza upya ni kazi ya wiki kadhaa.
Chini ya mstari wa maji kwenye boti tafuta malengelenge. Toboa moja, likitoa majimaji yanayonuka siki, ni osimosisi, yaani maji yamepenya kwenye faiba. Machache yasikukimbize.
Na waya mpya hazitoshi. Vile vyuma vinavyozishika ubavuni hupenya sitaha, na steinlesi huliwa ndani ya tundu hilo, penye chumvi na pasipo hewa, mahali jicho halifiki. Sisitiza kimoja kifunguliwe mbele yako. Ukiona ufa mwembamba kama unywele, badilisha vyote.

Mkazi_Nkuhungu
Asanteni sana. Na maji, lita 150 zitafika Shelisheli?

BintiPangani
Dar hadi Mahé ni kama maili 970 za baharini. Kwa mwendo wa noti 5 (maili 5 za baharini kwa saa) ni siku 8. Ukipiga bisho, yaani kwenda zigizaga dhidi ya upepo, hesabu 12. Watu wawili kwa lita 4 kila mmoja ni lita 96. Kwa akiba ongeza madumu 4 ya lita 20, yafunge chini, karibu na mkuku.
Kwa kuwa uko mbali, weka pampu ya ngama (maji yanayokusanyika chini ndani ya boti) yenye swichi ya kuelea, iunge moja kwa moja na betri, na paneli ya sola iichaji. Kabla hujapanda SGR kurudi Dodoma, funga valvu zote za chini, isipokuwa zile zinazotoa maji ya mvua.