Kivinjari kikichukua data "bila jina", hakijakufuatilia?

Wakuu hebu tulijadili hili. Kuna jamaa yangu tumevutana naye juzi, yeye anasema kivinjari (browser) kisipochukua jina lako wala imeili hakikufuatilii, kinahesabu tu. Mi nasema kinafuatilia, na nachukua mfano wa Firefox, kivinjari ambacho wengi tumekihamia kwa sababu ya faragha.

Julai 2024 lilitoka toleo lake la 128, na ndani kulikuwa na kitu ambacho Mozilla, wenye Firefox, walibuni pamoja na Meta, wenye Facebook, cha kupima kama tangazo uliloliona ndilo lililokufanya ununue. Yaani kivinjari chenyewe kinakumbuka uliona tangazo gani, ukienda kununua kinaandika ripoti, ripoti inafichwa, inagawanywa vipande, vinaenda seva mbili za wenyewe tofauti, huko inajumlishwa na za watu wengine halafu wanachanganyia namba za kubahatisha, ndo mwenye tangazo anapewa jumla tu. Kihesabu kazi nzuri sana, sibishi hata kidogo, na ni afadhali mara mia kuliko vidakuzi (cookies), vile vifaili vya tovuti vinavyokufuata mtandaoni.

Lakini ilikuja imewashwa tayari! Tiki umeshawekewa, hujaulizwa, mpaka uingie mwenyewe kwenye setingi ukaitoe, na wangapi wanaingia huko? Septemba mwaka huohuo noyb, shirika la kutetea faragha la mwanasheria Max Schrems kule Vienna, wakawashtaki kwa mamlaka ya data ya Austria. Mozilla wakajibu ni jaribio dogo kwenye tovuti yao wenyewe. Sawa, ila jaribio dogo nalo linaombewa ruhusa.

Na hili la "bila jina" lisitulaze. Mwaka 2006 AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, walitoa hadharani vitu walivyotafuta mtandaoni watu kama 650,000, majina wametoa wakaweka namba, siku chache tu waandishi wa New York Times wakabisha hodi kwa mama mmoja kule jimbo la Georgia, Marekani, wamempata kwa maneno aliyoyatafuta. Najua ile ilikuwa data ya mtu mmojammoja na hii ni jumla, ndio maana kwangu swali si jina, ni nani anakumbuka nilichokiona, na anamkumbukia nani. Kivinjari changu kikianza kumwekea kumbukumbu muuza matangazo, hiyo kwangu ni kufuatiliwa.

Bobby Holley, mkuu wa teknolojia wa Firefox, alijitetea kwamba vidirisha vya kuomba ruhusa vinamsumbua mtumiaji. Mbona kamera wanatuuliza? Maiki wanatuuliza, lokesheni wanatuuliza. Mnaosema huku ni kuhesabu tu, naomba mnijibu hapo kwanza.