Mjadala: Ersofti (mchezo wa bunduki za vigololi) kwenye habari. Waandishi wanatuonea, au tumejitakia wenyewe?

MLETA MADA

Wadau, salaam. Nina donge, naomba nilitoe hapa.

Wiki mbili zilizopita kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu ilipita video ya sekunde kama arobaini. Wanaume wenye magwanda na helmeti wanakimbizana kwenye miti, milio ta-ta-ta-ta, na juu yake imepachikwa sauti ya Kiswahili ikisema haya ndiyo yanayoendelea vitani Goma, kule Kongo. Pembeni kuna nembo ya TV moja ya mtandaoni ya hapahapa mjini, siitaji. Shangazi akaandika Innalillahi. Binamu akaweka mikono ya dua. Mimi nikaitazama mara tatu, nikacheka, halafu nikakasirika.

Kwanza miti yenyewe imepukutika majani yote kwa baridi. Goma gani hiyo? Halafu kuna jamaa anapigwa. Unajua anafanya nini? Anainua mkono, anachomoa kitambaa chekundu, anajiwekea kichwani, anatembea taratibu katikati ya "maadui" mpaka nje ya uwanja. Hakuna anayemgusa. Maiti inajiondokea kwa miguu yake!

Hiyo ni ersofti. Naijua kwa sababu niliicheza miaka mitatu nilipokuwa nasoma Birmingham. Kwa asiyeijua: ni mchezo uliozaliwa Japani, ambako raia kupata bunduki ya kweli ni shughuli pevu, basi wakatengeneza za mfano zinazorusha vigololi vya plastiki vya milimita 6. Ulipofika mwaka 1991 kampuni ya Tokyo Marui ikatoa ya umeme, yenye betri na gia ndani, mchezo ukasambaa. Kigololi hakiachi rangi kwenye nguo kama vile vidonge vya rangi vya mchezo wa paintball, kwa hiyo refa haoni nani kapigwa. Ukipigwa unajitangaza mwenyewe kwamba umekufa. Mwongo hadumu, wenzake wanamchoka.

Sasa miaka yote mitatu sikuona mwandishi hata mmoja akija uwanjani. Siku walipokuja, ni kwa sababu mama mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa wake alituona akapiga simu polisi. Gazeti la mtaa likaandika kuhusu "watu wenye silaha" msituni. Aya ya saba ndiyo ikasema ulikuwa mchezo. Nani anafika aya ya saba?

Swali langu: hawa watu wana nini na sisi? Tujadili bila matusi.

MSEMAKWELI WA TEMEKE

Mkuu, mada nzuri ila povu limezidi. Hapa Dar mtu akiona video ya bunduki hachezi nayo. Tarehe 25 Agosti 2021 mtu mmoja alitembea na bunduki pale Salenda, karibu na Ubalozi wa Ufaransa, akaua polisi watatu na mlinzi mmoja. Video zilitufikia mchana uleule. Mimi nilikuwa kwenye daladala ya Mwenge, kila abiria ana simu mkononi, na kuna aliyesema "hii ni muvi tu". Haikuwa muvi. Tangu siku hiyo, kati ya kuamini video feki na kupuuza ya kweli, mimi naona heri niamini.

Na lingine. Mnavaa magwanda! Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba kila raia mwenye sare za jeshi, au nguo zinazofanana nazo, azisalimishe. Wewe leo ukiingia pori la Pugu na wenzako ishirini mmevaa mabakamabaka, mwandishi wa habari ndiye atakuwa tatizo lako la mwisho kabisa.

MLETA MADA

Sijasema tuingie Pugu. Hata kuleta hizo bunduki hapa nchini sishauri mtu ajaribu kabla hajaenda kuuliza polisi, bandarini hawatakuelewa na wana haki. Mimi naongelea jinsi mchezo unavyoandikwa.

FUNDI REDIO

Niongeze hesabu kidogo, maana kuna watu wanadhani kigololi kinaua. Kigololi cha gramu 0.2 kikienda mita 100 kwa sekunde kina nguvu ya joule 1. Paintball inafika kama joule 12. Risasi ya bastola ya milimita 9 ni kama 500, ya AK ni kama 2,000. Japani wameweka kikomo chini ya joule 1. Jicho ndilo la kulinda, kigololi kinaweza kukutia upofu, kwa hiyo bila miwani huingii uwanjani. Kwingine unapata kiwekundu tu kwenye ngozi. Asante.

MAMA WAKALA, MBAGALA

Mwanangu mleta mada, pole na hasira zako. Huyu fundi naye pole na joule zake.

Mimi nina kibanda cha wakala hapa Rangi Tatu. Mwaka 2019, saa mbili kasoro usiku, nikiwa nahesabu nifunge, walikuja vijana wawili. Mmoja akapitisha bastola kwenye dirisha dogo lile la kutolea pesa. Nikatoa laki nane keshi na simu ya floti. Sikupiga kelele. Mkojo ulinitoka, nasema tu ukweli, ni mtu mzima.

Wiki iliyofuata wakakamatwa kwingine. Nikaitwa kutambua, nikaonyeshwa bastola yenyewe, askari akaniambia mama, hii ni ya plastiki. Halafu ikatoka gazetini: vijana wakamatwa kwa kupora na bastola bandia. Hiyo "bandia" sasa! Watu walikuwa wanapita dukani wananicheka. "Mama umeporwa na toi ya Iddi?" Mume wangu mwenyewe aliuliza kwa nini sikumshika mkono yule kijana. Miezi mitatu nimefunga saa kumi na moja jioni.

Wewe unataka waandishi waandike kwa herufi kubwa kwamba kitu ni cha bandia. Mimi hilo neno lilinivua nguo.

MLETA MADA

Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili. Sikuwahi kuiangalia kutoka upande wa dirisha lile.

Ila naomba niseme: yule kijana hakuwa mchezaji, na kile alichokuja nacho huenda hata kigololi kilikuwa hakirushi. Ndiyo inayotuumiza. Tukio kama lako likitokea kule Uingereza, kesho yake sisi ndio tunaulizwa. Sheria ya mwaka 2006 iliyokuja kupiga marufuku kuuza bunduki za mfano zinazofanana na za kweli ilitokana na hofu hiyohiyo. Ilipoanza kazi Oktoba 2007 wachezaji waliachiwa kamlango: ukitaka ya rangi halisi, cheza kwanza mara tatu kwenye uwanja wenye bima, katika muda usiopungua siku 56, ndipo jina lako liingie kwenye orodha ambayo muuza duka anaiangalia. Kabla ya hapo unauziwa iliyopakwa rangi kali zaidi ya nusu. Yangu ya kwanza ilikuwa ya bluu kama ndoo ya kuogea. Nilichekwa mimi!

MAMA WAKALA, MBAGALA

Marahaba. Ungekuja nayo hiyo ya bluu dirishani ningekupiga na kiti.

KALAMU YA MTAA

Nimekuwa mwandishi wa kujitegemea miaka kumi na moja, matukio ya polisi na mahakama. Niwape ya jikoni.

Mimi nalipwa habari ikitoka. Isipotoka, nauli ya kwenda mahakamani Kisutu ni yangu. Kichwa cha habari siandiki mimi, anaandika mhariri saa mbili usiku, na nafasi aliyonayo ni maneno matano. "Silaha" ni neno moja. "Kifaa cha mchezo kinachofanana na silaha" ni maneno sita. Hesabu mwenyewe nani anashinda. Na taarifa ya polisi wa Kanda Maalum ikisema "kitu kinachodhaniwa kuwa bastola", neno la kwanza kufa mezani ni "kinachodhaniwa".

Msituelewe vibaya, madhara yapo. Cleveland, Marekani, tarehe 22 Novemba 2014, mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, alikuwa bustanini na bastola ya ersofti ambayo ncha yake ya rangi ya chungwa ilikuwa imeondolewa. Aliyepiga simu ya dharura alisema huenda ni feki. Hilo halikufikishwa kwa askari waliokuwa njiani. Walifika, na ndani ya sekunde mbili mtoto kapigwa risasi. Sasa mleta mada, hapo ni mwandishi aliyedondosha neno? Lilidondoka mapema zaidi.

Hiyo TV iliyopachika sauti ya Goma ni mambo mengine. Huo ni uongo wa kutafuta watazamaji, na hapo nasimama na wewe. Baraza la Habari lipo tangu 1995 na linasuluhisha malalamiko, peleka. Ila kusema "waandishi wanatuonea" kwa sababu hawaji Jumapili kuona watu thelathini wakicheza na wote wakarudi salama... hiyo habari hata mke wangu hasomi.

MSEMAKWELI WA TEMEKE

Kwani Simba na Yanga wakirudi salama si habari?

KALAMU YA MTAA

Mkuu, pale kuna magoli.

MLETA MADA

Nakubali nusu. Kwenye Cleveland nakubali yote, na nitasema jambo ambalo wachezaji wenzangu hawapendi: ile ncha ya chungwa ambayo Marekani inatakiwa kwenye bunduki za mfano zinapouzwa, nimekutana na wachezaji wanaoiona inaharibu sura ya bunduki, wakifika nyumbani wanaitoa. Tunalia tukiitwa watu wenye silaha, halafu tunalipa hela nyingi ili tufanane na watu wenye silaha.

Ila nusu nyingine siiachi. Mwandishi akifika hataki kumwona yule anayejiwekea kitambaa kichwani na kukaa pembeni dakika kumi akisubiri kurudi. Hilo ndilo la ajabu kuliko yote, mtu mzima anakubali kufa bila ushahidi. Picha yake inakatwa. Anabaki yule aliyelala kifudifudi na jicho kwenye darubini ya bunduki.

KALAMU YA MTAA

Haya. Chukulia mnapata kiwanja halali, vibali vyote, na mimi nakuja na kamera. Utavaa nini siku hiyo?

MLETA MADA

Kaka, hili swali limenilaza macho.

Ningevaa magwanda. Ningesimama na jicho kwenye darubini. Picha yangu ya WhatsApp miaka minne ilikuwa hiyohiyo.

Na lile la kundi la ukoo: jana usiku niliwaandikia maelezo marefu, miti, kitambaa, vigololi, Japani, kila kitu. Wakanyamaza. Leo asubuhi baba mdogo amejibu, na yeye ana rafiki yake wa zamani dereva wa malori aliyekuwa akipeleka mizigo upande ule. Kaandika: "Sawa mwanangu, video ni ya mchezo. Waliokufa Goma nao walikuwa wa mchezo?"

Sijamjibu.

MAMA WAKALA, MBAGALA

Usimjibu. Mpigie.