Binti yangu anakesha na simu: ni ugonjwa au ni ujana?

Mama wa Kadutu
Wazazi na walimu, nawasalimu. Nina binti wa miaka 16, yuko humaniti (sekondari) hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kwetu umeme mara nyingi hurudi watu wakiwa wamelala. Basi huamka kuchaji simu na hapati tena usingizi, hutazama video fupi mpaka kengele ya misa ya asubuhi. Mega (vifurushi vya intaneti) za usiku ni rahisi kuliko za mchana, kwa hiyo hata pesa haimzuii. Darasani anasinzia, alama zimeshuka, na nikimnyang’anya simu hulia kwa namna inayonitisha. Baba yake anataka tuiuze. Mimi nasita, kwa sababu kazi za shule huletwa kwenye kundi la WhatsApp, na tangu mji ulipotekwa Februari 2025 simu ndiyo inayotuambia kama njia ni salama. Je, nimpeleke kwa daktari, au ningoje ujana upite?

Mwalimu wa hesabu, Ibanda
Mama, msiiuze. Kwetu shuleni simu zimekatazwa, na Prefe (mkuu wa shule) akiikamata mzazi huitwa. Hata Ufaransa ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2018. Katazo hilo linasaidia saa za masomo (nami nalipenda, sifichi), ila halifiki nyumbani saa saba za usiku.

Lingine ni kwamba programu za video fupi zimeundwa zisiwe na mahali pa kupumzikia. Video moja ikiisha nyingine imeshaanza, na kwa kuwa mtazamaji hajui kama ijayo itamchekesha au itamchosha, hutaka kuona moja zaidi, kisha moja tena. Sisi watu wazima hutushinda. Sembuse kijana ambaye sehemu ya ubongo inayomwezesha kujizuia bado inakomaa. Kwa hiyo simwiti binti yako mvivu, ingawa kama ni mwanafunzi wangu ningemwamsha.

Muuguzi, Bagira
Mwalimu amesema vema kuhusu video, lakini tusikimbilie kumtangaza mtoto kuwa mgonjwa. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, kuna ugonjwa wa kutawaliwa na michezo ya video, lakini simu yenyewe haimo. Hata hivyo vipimo vyake vinaweza kutuongoza: mtu hawezi tena kujizuia, mchezo unatangulia mbele ya mambo mengine yote, naye anaendelea ingawa anaona unamharibia maisha, na kwa kawaida hali hiyo inadumu angalau miezi 12. Kulia kwa kunyang’anywa simu, peke yake, hakutoshi.

Kabla ya hayo yote, Mama, muulize kwa upole anatazama nini usiku. Wapo vijana wanaokesha wakifuatilia habari za mapigano na picha za maiti zinazozungushwa kwenye makundi, na kwa hao simu haikuleta hofu, bali hofu ndiyo iliyowashikisha simu. Ukimnyang’anya mtoto wa namna hiyo, unabaki na mtoto mwenye hofu asiye na simu.

Pia kijana wa umri wake anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Kukosa usingizi kwa muda mrefu huleta hasira, usahaulifu na huzuni, kwa hiyo huenda sehemu ya unayoyaona ni uchovu tu. Lakini akikataa chakula, akijitenga na rafiki zake au akisema hana sababu ya kuishi, usingoje hata siku moja: nenda kituo cha afya kilicho karibu, au SOSAME, ambako hutibu magonjwa ya akili hapa mjini. Najua majirani watasema umempeleka kwa wendawazimu. Waache waseme.

Finalisti (mwanafunzi wa mwaka wa mwisho)
Shikamoo wazazi. Mimi najiandaa kwa Mtihani wa Taifa, na ningependa mjue kwamba si video tu zinazotukesha. Wenzetu wengi walikimbilia Burundi na familia zao, nasi hukutana nao kwenye kundi usiku kwa sababu ndipo mega zinaposhuka bei. Kuuza simu ya mtoto ni kumkata na watu hao pia.

Nyumbani kwetu simu zote huchajiwa sebuleni usiku, na tulikubali kwa sababu Papa, yaani baba yetu, alitangulia kuiweka yake. Arifa za makundi nimezizima. Anayenihitaji kwa jambo la haraka anipigie.

Mama wa Kadutu
Asanteni sana. Nimemuuliza. Rafiki yake wa tangu shule ya msingi yuko Bujumbura, na huandikiana usiku. Video huja baadaye, usingizi ukikataa. Anakula vizuri na bado anaenda kwaya, kwa hiyo kwa sasa tutaanza na usingizi, na huyo rafiki atampigia Jumamosi mchana kwa mega nitakazomnunulia mimi. Baba yake amekubali kuacha simu yake sebuleni, ila anadai saa tano na mimi nataka saa tatu. Mwalimu, nakuomba jambo moja: waambie wenzako wapeleke kazi kwenye kundi kabla ya jioni, maana wa darasa lake hutuma saa nne za usiku.