Maswali ya mkweli na mwongo yananivuruga

Wakuu, nna mtihani wa kujiunga na chuo mwezi ujao, kuna swali limenikesha. Mkweli hadanganyi kamwe, mwongo hasemi kweli kamwe. Juma anasema "mimi na Asha wote ni waongo". Nani nani hapo?

> Mkuu anza kwa kudhani Juma mkweli, papo hapo inagoma maana mkweli hawezi kujiita mwongo, so Juma ni mwongo na alichosema ni uongo, yaani sio wote waongo, basi Asha ndo mkweli.

> Hapo kwenye kukanusha ndo wengi tunapigwa, "sio wote waongo" haimaanishi wote wakweli.

> Dah kumbe! Na angesema "angalau mmoja wetu ni mwongo"?

> Inageuka, Juma mkweli, Asha mwongo. Jaribu kwa kalamu, usikariri.