Shamba la hekta 15 linasomeka hasi kwenye kivinjari: naomba ushauri wa kukagua msimbo wa WebAssembly

Mpimaji_Nkuhungu:
Ndugu wanajamvi, habari za kazi. Ninatengeneza programu ya wavuti ya kuwasaidia wapimaji wa ardhi hapa Dodoma kukokotoa eneo kutokana na majiranukta (namba za mahali) ya bikoni, yaani alama za mipaka. Hesabu imeandikwa kwa C++, nami huigeuza kuwa WebAssembly (msimbo unaoendeshwa na kivinjari) kwa kompaila ya Emscripten ili ifanye kazi ndani ya kivinjari hata mtandao unapokatika. Viwanja vya makazi vinatoka sawasawa, lakini shamba la hekta 15 lililoko upande wa Chamwino linaonyesha hekta -6.47, ilhali msimbo uleule nikiuendesha moja kwa moja kwenye kompyuta yangu ya Linux unatoa jibu sahihi. Nikifungua zana za wasanidi katika Chrome ninakuta maelekezo ya mashine matupu, bila mstari wowote wa C++ ninaoutambua. Majiranukta nimeyahifadhi kwa sentimita, kama namba kamili za aina ya `long`. Naomba mwongozo wa kuifuatilia hitilafu hii.

Fundi_Kizota:
Mkuu, bila shaka unajenga kwa `-O2` (chaguo la kuongeza kasi) pasipo `-g` (chaguo la kuweka taarifa za ukaguzi). Weka `-g` wakati wa kukompaili kila faili na pia wakati wa kuunganisha, kwa sababu ukiiacha katika hatua moja taarifa za ukaguzi hupungua au hupotea. Badili `-O2` iwe `-O0`, maana kompaila inapotafuta kasi hufuta vigeu na kuzimeza funksheni ndogo ndani ya kubwa. Kisha sakinisha kiendelezi cha Chrome cha C/C++ kinachosoma DWARF, yaani muundo wa taarifa hizo za ukaguzi. Faili zako za C++ zitaonekana, na ukibofya namba ya mstari programu itasimama hapo na kukuonyesha thamani za vigeu. Ikiwa unajenga ndani ya Docker (mazingira yaliyotengwa na kompyuta yako), njia za faili zilizoandikwa humo hazitalingana na za kompyuta yako, hivyo ingia kwenye mipangilio ya kiendelezi uitajie njia ya zamani na mpya. Kwa Firefox tumia `-gsource-map`, ambayo itakupa mistari ya C++, ingawa si thamani za vigeu kama ulivyoviandika.

Binti_Kondoa:
Kaka, fuata maelekezo hayo, lakini namba yako yenyewe imekwisha kusema mengi. Jumlisha 21.47 kwenye -6.47 upate 15 kamili. Hekta 21.47 ni sentimita za mraba 2,147,483,648, yaani 2 kwa kipeo cha 31. Kwenye Linux ya biti 64 `long` ina baiti 8, lakini katika WebAssembly ya kawaida ina baiti 4 tu, hivyo haibebi namba inayofikia 2 kwa kipeo cha 31. Kanuni ya kukokotoa eneo hujumlisha maradufu ya eneo kabla ya kugawa kwa mbili, kwa hiyo shamba lolote linalozidi takribani hekta 10.7 linafurika, yaani jumla yake inazidi nafasi hiyo na kutoa jibu potofu, na viwanja vidogo vinapona. Ndiyo maana hujawahi kuliona kosa hili mjini. Jenga mara moja kwa `-fsanitize=undefined` pamoja na `-g`, na konsoli itakutajia mstari ambao namba imefurika.

Mpimaji_Nkuhungu:
Dada, nashukuru sana. Konsoli imetaja mstari wa kuzidisha ndani ya kitanzi. Je, nibadili kila kitu kiwe `double`, yaani namba za desimali?

Binti_Kondoa:
Hapana, kwenye jumla hiyo usifanye hivyo. Jiranukta la kaskazini la Dodoma katika UTM (mfumo wa majiranukta kwa mita), kanda ya 36 Kusini, ni karibu mita 9,318,000, na la mashariki ni kama 803,000; ukizidisha kwa sentimita unapata zaidi ya 70,000,000,000,000,000, wakati `double` haina uhakika wa namba kamili zinazozidi 2 kwa kipeo cha 53. Tumia `int64_t` (namba kamili ya biti 64) katika majiranukta na jumla, ugawe kwa mbili mwishoni, kisha ndipo ugeuze jibu kuwa `double` kabla ya kulikabidhi kwa JavaScript.

Fundi_Kizota:
Naongeza jambo moja. Toleo la wateja lijenge kwa `-O2` na `-gseparate-dwarf`, ili taarifa za ukaguzi zikae katika faili la pembeni ambalo hutalipandisha kwenye seva. Likitokea tatizo kwenye simu ya mpimaji aliyeko shambani, unganisha simu hiyo kwa waya wa USB baada ya kuruhusu ukaguzi wa USB katika mipangilio yake, kisha fungua `chrome://inspect` kwenye kompyuta yako.