Nina sukari, nimekunywa bia, usiku ikashuka badala ya kupanda. Nieleweshwe

FundiNyaya (Jumatatu, saa 2:40 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi umeme wa magari, gereji yetu ipo Ngamiani, Tanga mjini. Nina miaka 46. Mwezi wa tatu nilimsindikiza mama mkwe kliniki ya kisukari (anaishi kwetu, huu ni mwaka wake wa kumi na sukari), nesi akanitania, "na wewe baba leta kidole tukuchome." Ikasoma 16.8. Kesho yake asubuhi nikarudi sijatia kitu mdomoni, 11.2. Ndipo nikajua kwa nini nilikuwa naamka usiku mara nne kwenda chooni, na ile kiu niliyokuwa naisingizia joto.

Nikapewa metformin. Baada ya miezi miwili sukari bado ipo juu, wakaniongezea glibenclamide, kidonge asubuhi na kidonge jioni.

Kwenye chakula sijambo. Zamani asubuhi yangu ilikuwa chai ya maziwa vijiko vinne, vitumbua vitano na mbaazi za nazi. Sasa mbaazi zimebaki, kitumbua kimoja, na chai haina kitu. Wiki ya kwanza nilikuwa nainywa nimefumba macho. Wali wa usiku nimepunguza, mke wangu ananipikia mchunga na samaki wa kuchemsha. Machungwa ya kwetu Muheza nakula, ila sikamui juisi tena. Hayo nimeyaweza.

Kilichonishinda ni saa kumi na moja jioni. Tukifunga gereji tunakaa kijiweni Chumbageni, watu watano wale wale, benchi lile lile, tangu 2009. Bia nne, tano. Kila siku. Jumamosi naongeza, na akipita yule mgema wa Pongwe na dumu lake tunashushia na tembo la mnazi. Daktari aliniambia "punguza pombe." Nikamuuliza kiasi gani, foleni nyuma yangu ilikuwa imefika mlangoni, akasema punguza tu. Basi nikapiga hesabu zangu za kifundi: bia ni nafaka, nafaka ni wanga, wanga unapandisha sukari, kwa hiyo siku ya kunywa nisile.

Jumamosi tumetoka uwanja wa Mkwakwani kuangalia mpira wa Coastal, nikanywa bia sita na vikombe viwili vya tembo. Chakula cha jioni nikakiacha makusudi, nikameza vidonge vyangu nikalala. Saa tisa usiku mke wangu akaamka, shuka limelowa chepechepe, mimi natetemeka na kupayuka mambo ya stata na fyuzi. Akasonya, akageukia ukutani. Miaka kumi na saba ya ndoa ameshaona mengi. Aliyeniokoa ni mama mkwe. Alisikia kelele, akabisha hodi, akaingia na mashine yake. 2.4. "Huyu si pombe, mwanangu, huyu sukari imemkimbia." Wakakoroga maji ya sukari wakaninywesha kama mtoto.

Wakuu, mimi ni Mbondei, mkwe kwetu ni mtu wa kuinamiwa. Huyo ndiye aliyenishika kichwa mimi nina bukta tu. Tangu Jumapili natoka nyumbani kwa mlango wa uani.

Sasa naomba kueleweshwa. Bia si zinapandisha? Mbona imeshuka? Niache moja kwa moja au kuna kipimo? Na nikiacha, lile benchi nalo nilifanyeje, maana marafiki zangu wote wapo pale.

mgosi_Mabokweni

Mgosi, pole sana. Sukari itapanda itashuka, ila bukta mbele ya mkwe haina dawa. Navuta kigoda nisubiri wajuzi.

NesiMstaafu

Mwanangu pole, na mama mkwe wako mpe salamu zangu. Nimefanya kazi wodini na kliniki miaka 31. Kisa chako nimekiona mara nyingi, na wengi huletwa asubuhi wakiwa hawajitambui.

Hesabu yako si mbaya, umelisahau ini tu. Usiku ukiwa hujala, ini ndilo linalotoa sukari kidogo kidogo kwenye akiba yake, na kutengeneza nyingine mpya, ili ubongo upate chakula. Pombe ikiingia, ini linaacha kutengeneza sukari, linahangaika na pombe kwanza. Wewe ukalala na njaa, akiba ndogo, huku glibenclamide inalisukuma kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari. Kidonge hakiulizi kama umekula, na kazi yake inaweza kuendelea karibu siku nzima. Bia zinaweza kupandisha ukiwa bado kwenye benchi, halafu saa nyingi baadaye, umelala, sukari ikaporomoka. Kunywa na kuruka mlo ndiko kulikokuangusha. Afadhali ungekula hata huo wali.

Metformin peke yake haishushi hivyo, ila ikikutana na pombe nyingi inaweza kujaza tindikali kwenye damu. Ni nadra, lakini huua.

Kuhusu kipimo: ushauri wa Marekani kwa wenye kisukari ni mwanamume asizidi vinywaji viwili kwa siku, mwanamke kimoja. Kinywaji chao lakini ni gramu 14 za pombe. Chupa yetu ya nusu lita yenye pombe asilimia 5 ina gramu kama 20. Kwa hiyo viwili vyao ni chupa yetu moja na kitu. Hicho nacho ni kikomo, usije ukaona unadaiwa. Kwako wewe, mwenye glibenclamide na 2.4 ya juzi, usiku hauna nafasi ya mchezo: usinywe bila kula, pima kabla ya kulala, na ukikuta iko chini ya 6 kula kitu kwanza.

Na sikiliza hili. Mtu wa bia tano kila siku kwa miaka yote hiyo usikate ghafla halafu ujifungie chumbani. Wengine mikono hutetemeka, jasho, wanaona vitu visivyokuwepo, hata degedege huja. Nawe kutetemeka na jasho ndiyo dalili za sukari kushuka, utashindwa kujua ni kipi. Nenda kliniki wiki hii, usisubiri tarehe ya kwenye kadi, wakupangie namna ya kushuka na waziangalie upya dawa zako. Waambie 2.4, na waambie idadi ya kweli ya chupa. Wanaume mkiulizwa huwa mnagawa kwa mbili.

TibaYaAsili

Fundi, bia ni kemikali hizo. Tembo la mnazi ni asili tupu, babu zetu wamekunywa hawakujua kisukari. Kunywa lile tamu la asubuhi, tia mdalasini, na hayo madawa ya hospitali yaache polepole.

NesiMstaafu

Wewe TibaYaAsili, usimuue mtoto wa watu. Tembo tamu ni tamu kwa sababu ya sukari. Likichachuka ile sukari inageuka pombe, na mnazi hauchukui hata siku moja kuchachuka. Kwa hiyo asubuhi unampa sukari, jioni unampa pombe. Fundi, kidonge usikiache bila daktari.

Mvuvi_Sahare

Mimi nina sukari tangu 2016. Ya kitaalamu amemaliza Nesi, ngoja niseme ya benchi.

Nilipoacha bia nikajiona mjanja, nikawa naagiza soda. Soda tatu kila jioni, nacheka na wenzangu. Mwezi ule ikagonga 19. Soda moja ya chupa ya 350 ina karibu vijiko tisa vya chai vya sukari, mimi nilikuwa nabugia vijiko ishirini na saba halafu nyumbani nagombana na mke kwa kijiko kimoja kwenye uji. Vile vinywaji vya kimea visivyo na kilevi navyo usividhanie ni vya afya, soma nyuma ya kopo. Dafu ni nafuu kuliko soda, lakini lina sukari yake.

Sasa hivi mkononi mwangu kuna maji na ndimu, ndani ya glasi ya bia. Walevi wanachokiona ni glasi tupu. Ikiwa imejaa hakuna anayeuliza kilichomo. Benchi sikuhama, nilihama saa. Zamani nafika kumi na moja nina njaa, bia ya kwanza inakwenda kama maji. Sasa naanza kutembea, kutoka mjini hadi Raskazone na kurudi kwa njia ya baharini, nakula nyumbani, ndipo nafika kijiweni saa mbili. Ukiwa umeshiba bia haishuki vizuri. Na saa hiyo wenyewe wameshalewa, hadithi wanazorudia utazichoka mwenyewe, saa tatu umeaga.

Waliniita shehe wiki mbili. Wakazoea. Mmoja wao sasa ananiletea kidole chake nimpime.

Bi_Makorora

Mie sina sukari, mume wangu ndiye anayo. Nimesoma pale mkeo alipogeukia ukutani nikalia. Mwaka juzi mume wangu alirudi anapepesuka, ananuka bia, nikasema leo alale barazani apate akili. Alfajiri watu waliokuwa wanakwenda msikitini ndio walionigongea mlango. Hajitambui. Alipona, Alhamdulillahi, lakini kile kibaraza mpaka leo sikikalii.

Kaka, mkeo usimlaumu, harufu ya pombe inaficha kila kitu. Mkae mzungumze mchana, si usiku wa tukio. Kwetu sasa ni kidole kwanza, ugomvi baadaye.

NesiMstaafu

Bi Makorora, Mungu akutulize moyo. Niongeze hapo: kama hakuna mashine na mtu anajitambua, mpe tu vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, ngoja dakika 15, kama bado rudia, kisha ale. Akiwa hajitambui usimmiminie kitu kinywani, atapaliwa. Mlaze ubavu, mpeleke hospitali.

FundiNyaya

Nesi, shikamoo. Sasa nimeelewa kwa lugha yangu. Gari linakwenda usiku taa zote zimewaka, altaneta imeacha kuchaji, linakula betri tu, na betri yenyewe nimelala nayo tupu. Hilo nilipaswa kulijua, ndiyo kazi yangu.

Bi Makorora, nimemsomea mke wangu maneno yako. Hakusema kitu, akaenda kuweka kopo la sukari chumbani, upande wake wa kitanda.

FundiNyaya (wiki tano baadaye)

Wakuu, nimerudi. Kliniki nilikwenda Jumatano ile ile. Nilipotaja bia tano daktari aliacha kuandika akaniangalia. Wameniondolea glibenclamide ya jioni, na wamenipangia kushuka: tatu, mbili, moja. Sasa nipo Jumamosi tu, moja, baada ya kula. Tembo nimeacha, maana kikombe cha mgema hakina kipimo. Leo asubuhi nimesoma 7.4.

Si kwamba nimeweza siku zote. Jumatano moja mteja alinilipa deni la miezi miwili, nikajikuta nina chupa ya nne mkononi. Usiku huo nilipimwa saa sita na saa tisa, mama mkwe anabisha mlango, "baba, kidole," na mimi nautoa mkono tu mlangoni kama mtu anayelipa nauli. Asubuhi hakuna aliyenisema. Hilo liliniuma kuliko kusemwa.

Mvuvi, glasi ya bia na maji ya ndimu imefanya kazi siku tisa. Siku ya kumi kuna mmoja akainywa kwa kuikosea, akatema mpaka kwenye viatu vya mwenye baa. Sasa kijiwe kizima kinajua, na kutembea Raskazone tunakwenda wawili.

Mgosi wa Mabokweni, kuhusu bukta: hiyo nimeacha moja kwa moja bila kupunguza. Nalala na msuli na fulana.