Nukuu ya mshiriki wangu imesomwa kwa sauti ya kuchekesha mbele ya paneli nzima, halafu naambiwa nilete namba!

Binti_Ngongona:
Wakuu, nimetoka kutetea proposo sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule mzee mnamjua. Kila aliyepita masta ya saikolojia hapa Dodoma anamjua, wa miwani kipajini na kalamu nyekundu isiyoisha wino tangu enzi za Mwalimu. Leo kanifikia mimi.

Utafiti wangu ni wa bodaboda waliopata ajali wakarudi barabarani. Nataka kujua wanaishije na ile hofu. Kwa majaribio nimekaa nao vijiweni Nkuhungu na Chang'ombe, jua la utosi, vumbi mnalijua. Kijana mmoja akaniambia: "Nikikaribia pale nilipoangukia, mkono unaachia mafuta wenyewe, dada. Mimi sijauamuru." Alikuwa anafuta tanki la pikipiki kwa kitambaa, palepale, palepale, hakunitazama usoni mpaka akamaliza kusema.

Mzee kaichukua nukuu hiyohiyo, kasimama, kaivuta kama MC wa harusi: "Mkoooono unaachia mafutaaaa." Paneli ikacheka. Kisha akanigeukia: "Binti, hii ni data au singeli?"

SINGELI, wakuu.

Nikasema nitahoji watu 14. Akauliza fomula ya Yamane iko wapi, ile ya kukokotoa idadi ya watu wa kujaza dodoso. Yamane! Kwenye mahojiano ya kina! Nikamtajia utafiti wa Guest na wenzake, 2006, mahojiano 60 na wanawake wa Ghana na Nigeria, na mambo makuu yalishajitokeza ndani ya yale 12 ya mwanzo. Akanyanyua kiganja: "Hao ni wa huko. Hapa tunataka namba." Nikataja hatua sita za Braun na Clarke za uchambuzi wa dhamira, yaani kutafuta mawazo makuu ndani ya maelezo ya watu, akasema hatua anazozijua yeye ni za gwaride.

Angeikataa sampuli nisingeumia hivi. Lakini mtu ameponea chupuchupu, ameniamini, amesaini fomu ya ridhaa, halafu sauti yake inageuzwa kichekesho cha kusindikizia chai? "Mkoooono." Bado inanilia masikioni.

Mtera_Mkavu:
Nimewahi siti ya dirishani. Endeleeni.

Mzee_wa_Makole:
Mbukwenyi! Ni yeye kabisa, hata usimtaje. Mwaka wetu mwenzetu alihoji wajane, akaulizwa alfa ya Cronbach, kile kipimo cha maswali ya dodoso, ni ngapi. Alfa ya wajane! Alitoka nje akakaa kwenye ngazi, tukamnunulia soda.

Takwimu_Tu:
Pole, lakini watu wa kwalitetivu, nyie wa masimulizi bila namba, mmezidi. Mnahoji marafiki wanne wa geto mnasema data zimeshiba, eti hakuna jipya tena. Mbona njaa yenu inaisha haraka hivyo? SPSS, ile programu ya takwimu, imekushinda, sema tukusaidie.

Binti_Ngongona:
Takwimu_Tu, SPSS nimewafundisha wenzangu darasani, usinijaribu. Na vigezo niliviweka: awe alipata ajali, akalazwa, akarudi kwenye boda. Hofu ya mtu utaiwekea tiki kati ya "nakubali sana" na "sikubali kabisa"? Lakini hata hayo si hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba KAIIGIZA SAUTI YAKE. Kasimama kabisa akaiigiza!

Hesabu_za_Usiku:
Tumtii mzee basi. Bodaboda 10,000, kosa asilimia 5, Yamane anakupa watu 385. Kila mmoja saa moja ya sauti, na saa moja ya sauti tufanye inakula saa sita kuiandika. Hapo ni saa 2,310. Saa nane kwa siku, bila Jumapili, bila msiba, bila kuugua, unakaribia siku 289 za kusikiliza na kuandika tu. Mahafali utakwenda na wajukuu.

Msomi_wa_Kikuyu:
Dada, ukirudi mpelekee makala ya Flanagan, 1954. Mbinu yake ya kukusanya visa ilianzia kwa marubani wa jeshi la Marekani, vita ya pili ya dunia. Watu walisimulia vilivyotokea, yeye akavipanga, na ni saikolojia tumizi hiyohiyo anayotamba nayo mzee. Rubani akisimulia ni sayansi, boda akisimulia ni singeli? Halafu weka kitabu cha Lincoln na Guba, 1985: utarudi kwa washiriki kuwasomea ulichoelewa, na utatunza daftari la kila uamuzi uliofanya ili mwingine aweze kuufuatilia. Hapo akose pa kushika.

Binti_Ngongona:
Ahsante mkuu. Naandika hii sasa hivi. Rubani!

Sura_ya_Tatu:
Wewe angalau yako imesomwa, hata kwa kuimbwa. Yangu iko kwenye buti la gari la supavaiza, chini ya tairi la akiba. Nimeiona kwa macho yangu alipofungua kutoa mahindi. Nimemsalimia, akaniambia "naipitia".

Boda_Jamatini:
Mimi ni bodaboda. Alichosema huyo mwenzetu ni kweli tupu, mwili unakumbuka. Na kuna mzee wa miwani kipajini ana deni langu la buku tangu mvua za mwanzo. Kama ndiye, mwambieni namba anazozitaka ninazo.

Mwenye_Vitz:
Bodaboda msijifanye malaika. Juzi saiti mira yangu imeondoka mchana kweupe, kijana kaniambia "samahani mama" huku anaongeza mwendo. Huyo mkono wake ulikuwa hauachii mafuta hata kidogo.

Boda_Jamatini:
Mama, ulikunja bila indiketa.

Mwenye_Vitz:
Kwani ulikuwepo? Indiketa niliwasha!

Boda_Jamatini:
Mtaa mzima mnawasha waipa.

Chozi_la_Zabibu:
Mnagombania saiti mira wakati steshenari imenifungia tasnifu na kurasa za mtu wa kilimo katikati? Sura yangu ya nne ni msongo wa mawazo kwa walimu wapya. Inaanza vizuri, ukifunua mnapanda alizeti. Nakala zote! Jalada gumu, maandishi ya dhahabu, alizeti ndani! Na hela hawarudishi.

Takwimu_Tu:
Steshenari ipi? Yangu nimeipeleka kufungwa leo asubuhi.

Chozi_la_Zabibu:
Unaijua. Ya yule kaka anayekulia karanga juu ya mashine.

Takwimu_Tu:
Mungu wangu. Nakimbia. Majedwali yangu yote yako kwake.

Boda_Jamatini:
Uko wapi nikufuate? Buku mbili.

Mwenye_Vitz:
Hujajua hata alipo, ushataja bei!